Jina la Nyanya Lilikuwa Bado Kwenye Sajili

Nyanya yangu alifariki katikati ya mwaka 2021. Mei mwaka uliofuata, Tume ya Uchaguzi ya Kenya, IEBC, ilipotangaza muda wa kuhakiki sajili ya wapiga kura, nilituma nambari ya kitambulisho changu na mwaka wangu wa kuzaliwa kwenda 70000, nikajibiwa kwamba nimo. Nikatuma na yake. Nambari hiyo niliijua kwa moyo, maana miaka yake ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa nikimjazia fomu za hospitali. Jibu halikukawia. Jina lake lilikuja lote, likifuatwa na eneo bunge la Wundanyi na shule aliyokuwa akipigia kura tangu nimjue.

Nililia kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kuona jina lake likija kwenye simu yangu. Machozi yalipokauka ndipo nilipoanza kufikiria maana ya jibu lile. Kama jina limo na mwenyewe hayupo, basi kuna kura moja pale shuleni isiyo na mwenyewe. Na kama kuna jambo ambalo nyanya asingelisamehe hata akiwa kaburini, ni mtu mwingine kuhesabiwa kwa jina lake.

Ndugu zangu wengi wamefiwa na wazee ambao kura kwao ilikuwa kitu kizito, na wangependa siku ya uchaguzi wawaenzi. Wengi huishia kuvaa kitenge cha marehemu na kupiga picha ya kidole chenye wino. Si vibaya. Ila niliyopitia mimi yamenionyesha kwamba kazi yenyewe iko kwenye karatasi, ofisi na foleni, na huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Nitaeleza nilivyopita, pamoja na gharama zake.

Kwanza mjue alikuwa nani. Nyanya alizaliwa kwenye vilima vya Taita miaka ya thelathini, hakusoma hata darasa moja. Babu alikuwa karani katika shamba la mkonge upande wa Mwatate. Mwaka 1957, Waafrika waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, serikali ya mkoloni iliweka masharti ya elimu, kipato, mali na utumishi, na mwenye sifa nyingi alipewa hadi kura tatu. Ronald Ngala ndiye aliyetoka Pwani. Babu alikuwa na kura zaidi ya moja. Mke wake aliyelima shamba lililomlisha karani huyo hakuwa na hata moja. Nyanya hakuwahi kumlaumu babu kwa hilo, lakini hakulisahau.

Mei 1963 alipiga kura yake ya kwanza, mtoto akiwa mgongoni, siku chache kabla ya Madaraka ya tarehe 1 Juni. Mtoto huyo ni mjomba wangu mkubwa. Nyanya alikuwa akimwambia, "Wewe umeingia kwenye chumba cha kura kabla hujajua kutembea."

Kisa alichokirudia zaidi, hata hivyo, ni cha mlolongo. Februari 1988 KANU, chama kilichotawala peke yake, iliendesha uteuzi wa wagombea kwa wanachama kupanga mstari nyuma ya mgombea, au wakala wake aliyeshika picha. Hakukuwa na siri. Chifu anakuona, mwajiri anakuona, jirani anakuona. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita moja kwa moja, hata uchaguzi wenyewe wa Machi haukumhusu tena. Nyanya alikuwa na kadi ya chama, akapanga. Mstari wao, alivyosimulia, ulizunguka uwanja wa mpira ukatoka nje ya ua wa shule. Mstari wa pili ulikomea kwenye mikaratusi. Walihesabiwa mchana kweupe. Jioni matokeo yakasomwa, na wa mstari mfupi ndiye aliyeshinda, tena kwa wingi. Mambo kama hayo yalitokea sehemu nyingi za nchi mwaka ule, na viongozi wa makanisa, Askofu Alexander Muge na Askofu Henry Okullu wakiwamo, waliyapinga hadharani wakati ambapo kusema kulikuwa na hatari.

"Nilisimama kwa miguu yangu," nyanya alikuwa akisema, "wakaniandika kwa mtu mwingine." Hakusema alisimama nyuma ya nani. Niliwahi kumuuliza nikiwa msichana, akanijibu kwamba hilo si swali la kumuuliza mtu.

Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kikaondolewa kwenye Katiba, na tarehe 29 Desemba 1992 nyanya akapiga kura ya siri tena. Toka hapo hakukosa uchaguzi. Na kila baada ya uchaguzi swali lake lilikuwa moja: nani amehesabu, na nani alikuwa akimtazama?

Mwaka 2013 macho yalikuwa yameanza kufifia, na karatasi zilikuwa sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Alikwenda peke yake. Mpiga kura asiyejiweza na asiye na msaidizi husaidiwa na afisa msimamizi wa kituo mbele ya mawakala wa vyama. Ndivyo sheria ilivyo, na sababu ipo: mawakala wahakikishe afisa anaweka alama pale mzee alipotaka. Ila kwa mama aliyepitia mlolongo, kutamka jina la mgombea mbele ya kundi la vijana waliovaa beji kulimuumiza sana. Alirudi nyumbani akakaa kimya siku nzima.

Kwa hiyo 2017 aliniita. Na hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hazijui. Mzee asiyeona vizuri, asiyejua kusoma au mwenye ulemavu ana haki ya kuja na mtu wake anayemwamini. Msaidizi huyo awe ametimiza miaka 18. Si lazima awe amejiandikisha katika kituo hicho. Anajaza tamko la kutunza siri, Fomu 32, mbele ya afisa msimamizi, na anaruhusiwa kumsaidia mpiga kura mmoja tu. Kama nyumbani mna wazee wawili, tafuteni wasaidizi wawili mapema. Nimeona binti akizuiwa mlangoni akiwa na nyanya zake wawili, ikabidi mmoja asaidiwe na afisa. Mwambieni mzee pia aseme mwenyewe kwamba anataka usaidizi wako. Wewe ukianza kumsemea, mawakala wana haki ya kutilia shaka.

Mimi wakati huo nilikuwa nimejiandikisha Nairobi. Kupanda Werugha, nyumbani kwake, kumsaidia kulimaanisha kuiacha kura yangu. Nililijua hilo nikakubali, lakini liliniuma, na yeye lilimuuma zaidi.

Ndani ya kile kibanda cha kadibodi alinitaka nimsomee majina yote manane ya wagombea urais, moja baada ya jingine, ingawa alijua tangu nyumbani anamtaka nani. Sikuelewa wakati ule kwa nini anapoteza muda. Alikuwa akiitandaza karatasi kwa kiganja, akiisukuma mikunjo hadi pembeni, kisha akaomba kalamu. Nilimwelekeza kidole mpaka kwenye mraba, akaweka alama mwenyewe, polepole, kalamu ikikwaruza. Kwa kila karatasi alifanya vivyo hivyo. Nyuma yetu watu walianza kuguna. Afisa msimamizi, Mungu ambariki, aliwaambia waache mama amalize.

Asubuhi iliyofuata aliniuliza kama karatasi ya matokeo imebandikwa mlangoni. Nikampeleka kijana akaangalie, akarudi na tarakimu amezinakili kwenye mkono. Nyanya akataka asomewe. Na tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilipofuta matokeo ya urais na kuagiza uchaguzi urudiwe, alinipigia simu kwa mkopo wa jirani. Hakuzungumza kuhusu mgombea yeyote. Alisema tu kwamba ameishi mpaka ameona hesabu ikikataliwa.

Uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26 hakuweza kushuka shuleni, miguu ilishakataa. Kura yake ya mwisho ikawa ile tuliyopiga pamoja.

Alipofariki, nilijiwekea ahadi mbili. Moja, nihamishie kura yangu Werugha, nipige kura kwenye shule yake. Pili ni ile iliyokuja baadaye, baada ya jibu la 70000: jina lake liondolewe kwenye sajili.

Kuhamisha nilifanya Januari 2022, wakati wa usajili wa halaiki. Watu wengi hukwama hapa kwa sababu huenda kwenye ofisi ya eneo wanalotoka. Unatakiwa uende wewe mwenyewe kwa ofisi ya IEBC katika eneo bunge unalohamia, ukiwa na kitambulisho halisi, si nakala. Unajaza fomu, alama za vidole zinachukuliwa, unapewa kikaratasi. Kitunze kikaratasi hicho. Hakuna ada. Gharama ni safari: basi la usiku kutoka Nairobi hadi Voi, matatu ya kupanda Wundanyi kupitia Mwatate, kisha bodaboda. Kwenda na kurudi, pamoja na chakula, ilinigharimu karibu shilingi elfu tano, na siku za kazi nilizokatwa. Kwa mtu anayelipwa kwa siku hilo ni jambo zito, na simlaumu anayeamua kubaki alikojiandikisha. Kura ya Embakasi kule Nairobi ina uzito ule ule. Mimi nilitaka ya Werugha.

Usisubiri mwaka wa uchaguzi. Ofisi za maeneo bunge huandikisha na kuhamisha watu mwaka mzima, siku za kazi, bila foleni, mpaka sajili inapofungwa kabla ya uchaguzi. Ukiwa umekwenda nyumbani Krismasi au kwa mazishi, pitia ofisi hiyo kabla ya kurudi mjini. Safari ile ile inafanya kazi mbili.

Turudi kwenye jina la nyanya. Nilikuwa nimedhani, kama watu wengi, kwamba mtu akishazikwa serikali inajua. Alifia nyumbani, naibu wa chifu akaandika kifo, tukapewa kibali cha mazishi, kitambulisho chake kikakabidhiwa. Basi tukaona yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Kibali cha mazishi ni ruhusa ya kuzika. Cheti cha kifo ni karatasi nyingine, na huombwa katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Familia nyingi hukitafuta pale tu penye shamba au akaunti ya benki ya kurithi. Nyanya hakuwa na benki, na shamba lilikuwa limegawanywa angali hai, kwa hiyo hakuna aliyekwenda kukichukua.

Mwaka huo huo kampuni ya KPMG iliyopewa kazi ya kukagua sajili iliripoti zaidi ya majina 246,000 ya watu waliokwisha kufa. Niliposikia tarakimu hiyo kwenye redio nilijua mmoja wao ni nani.

Mjomba alisema niache, tume itafuta yenyewe. Huenda ingefuta. Lakini sisi Wadawida, yaani Wataita, tunatoka kwa watu ambao zamani walifukua mafuvu ya wazee wao baada ya muda, wakayapanga kwenye mapango matulivu na kuyatunza kizazi hadi kizazi. Mapango hayo yapo mpaka leo. Desturi yenyewe imekoma, na nyanya alikuwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili. Ila wazo la kwamba marehemu ana kitu chake ambacho walio hai wanawajibika kukilinda halijatutoka. Nikaona hili ndilo fuvu nililoachiwa mimi.

Ofisi ya kwanza iliniambia karatasi za kutoka kwa naibu wa chifu hazijafika. Nikarudi kwa naibu wa chifu, akaniambia alishazipeleka. Nilizungushwa hivyo mpaka nikachoka. Kilichonisaidia ni kibali cha mazishi chenyewe, ambacho shangazi alikuwa amekiweka ndani ya Biblia: kilikuwa na nambari ya kumbukumbu, na kwa nambari hiyo karani aliyekuwa mwungwana aliipata taarifa kwenye rundo lililokuwa halijaingizwa. Kwa hiyo kama kuna karatasi moja ya msiba msiyoruhusu ipotee, ni hiyo. Ipigeni picha siku ile ile mnapopewa.

Cheti kilipotoka, nilipeleka nakala kwa ofisi ya IEBC ya eneo bunge, pamoja na barua fupi yenye jina lake, nambari ya kitambulisho na kituo chake. Nilibaki na nakala ya pili iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Omba muhuri huo. Bila muhuri, huna cha kuonyesha kwamba ulikwenda. Afisa aliyepokea aliniambia ni wachache sana wanaokuja kwa shughuli hiyo, kisha akanipa pole kana kwamba msiba ulikuwa wa jana. Nilishukuru sana kwa pole ile.

Sajili ya mwisho ilipothibitishwa ikiwa na wapiga kura 22,120,458, nilituma nambari ya nyanya tena kwenda 70000. Safari hii hakukuwa na jina. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi, na nilifurahi, lakini ilikuwa pia kama kumzika mara ya pili. Nimeona niliseme hilo, ili likimpata mtu asidhani ana tatizo.

Uchaguzi ulikuwa Jumanne, tarehe 9 Agosti 2022. Niliondoka Nairobi mwisho wa wiki, na hata hivyo nauli ilikuwa imeshapanda na tiketi za treni ya kushuka Voi zilikuwa zimekwisha. Ukisubiri mkesha, utalipa zaidi au hutafika kabisa. Agosti vilima vya Taita ni baridi na ukungu. Aliyezoea joto la Mombasa au la Voi abebe sweta na kitu cha kichwani, hasa mzee.

Usiku wa Jumatatu mtu alipita nyumba kwa nyumba akiuliza kama kuna wazee ambao hawatakwenda kupiga kura, na kama familia ingekubali kumwachia vitambulisho vyao kwa siku moja. Alikuwa na shilingi mia tano kwa kila kimoja. Shangazi alimfukuza. Kuna nyumba hazikumfukuza, na siwahukumu haraka, kwa sababu mwaka ule pakiti ya unga wa kilo mbili ilikuwa imepita shilingi mia mbili. Lakini watu wajue kinachouzwa pale. Kwa kifaa cha KIEMS, kinachomtambua mpiga kura kwa alama za vidole, hawezi kupiga kura kwa kidole cha mzee wako. Anachonunua ni mzee wako asipige. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamkamata anayenunua na anayeuza. Zungumzeni na wazee mapema, na mnaporudi mjini hakikisheni kitambulisho kiko mahali mzee mwenyewe anapajua.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Nilifika saa kumi na nusu, giza bado, foleni ilikuwa imeshafika kwenye lango. Shule kubwa huwa na vyumba kadhaa, kila kimoja hakizidi wapiga kura 700, na mgawanyo hufuata herufi za majina. Orodha hubandikwa nje. Tafuta chumba chako kabla hujapanga, kwa sababu nimeona watu wakisimama kwa muda wa saa mbili kwenye foleni isiyo yao. Wazee, wajawazito, akina mama wenye watoto wachanga na watu wenye ulemavu hupitishwa mbele. Mzee wako akiwa mwenye haya, mwite karani aliye mlangoni, usingoje aitwe.

Binamu yangu alirudishwa. Alijiandikisha kwa kitambulisho, akaja na pasipoti kwa sababu kitambulisho alikisahau Mombasa. Hati uliyojiandikishia ndiyo utakayoombwa. Aliomba, akapandisha sauti, akakaa chini ya mti akainamisha kichwa. Alikuwa ametumia nauli kama yangu.

Zamu yangu ilipofika, kidole cha kwanza kilikataa kusomwa kwa baridi. Karani akaniambia nisugue mikono na nijaribu kingine, kikakubali. Ikikutokea, usifadhaike, vidole vyote vilichukuliwa siku ya usajili, na pana utaratibu mwingine wa kukutambua iwapo vyote vitagoma. Nikapewa karatasi sita, kila moja na rangi yake inayolingana na kifuniko cha debe lake: ya rais nyeupe, ya gavana buluu, ya seneta manjano, ya mbunge kijani, na nyinginezo.

Kibandani nikajikuta nafanya alichofanya nyanya. Nilisoma majina yote kabla ya kugusa kalamu. Ndipo nilipomwelewa. Mwanamke aliyewahi kupangwa mbele ya watu nyuma ya picha ya mtu mmoja alitaka kupewa nafasi ya kuwakataa wengine waziwazi, mmoja mmoja, katika faragha yake. Nilipiga kura yangu kwa ninayemtaka mimi. Nasema hivyo kwa sababu shangazi alikuwa ameniomba nimpigie yule ambaye marehemu angempenda, na nilifikiri sana juu ya ombi hilo. Nilikataa. Babu alikuwa na kura zaidi ya moja kwa sababu mtu fulani aliamua kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na sauti mbili. Nyanya hakuniachia ya kwake niibebe pamoja na yangu. Kumuenzi kwangu kulikuwa kuipiga kura yangu kwa uangalifu wake.

Usiharakishe kukunja. Weka alama ndani ya mraba mmoja tu, usiandike jina lako wala neno lolote. Katika uchaguzi ule kura 113,614 za urais zilikataliwa nchini kote, na mengi ya makosa hayo yanaepukika. Usipige picha karatasi uliyoweka alama. Hata kama ni kwa ajili ya kumbukumbu ya marehemu, ni kosa, na inaivunja siri aliyoihangaikia.

Kituo hufungwa saa kumi na moja jioni, ila aliye kwenye foleni saa hiyo ikifika hupiga. Wengi walikwenda nyumbani. Mimi, mjomba na majirani wachache tulibaki nje ya ua, hatukupiga kelele, hatukumzuia mtu. Ndani wanaruhusiwa mawakala, waangalizi na wanahabari wenye vibali. Raia wa kawaida hana ruhusa ya kuingia kwenye hesabu. Kama unataka kuwa ndani, omba mapema kuwa wakala wa chama au wa mgombea huru, au mwangalizi kupitia shirika lililoidhinishwa. Hilo nalo ni jambo la miezi kabla.

Kura za urais huhesabiwa kwanza. Tulisikia sauti ya afisa ikitaja jina kwa kila karatasi aliyoinua, kwa zaidi ya saa moja, bila kubadilika. Mjomba alikuwa amejifunika blanketi. Aliniambia kwamba mwaka 1988 naye alipanga, mstari ule ule na mama yake, na kwamba mama yake alimkataza kurusha jiwe matokeo yaliposomwa. Miaka yote sikuwahi kulisikia hilo.

Usiku ulipokuwa umekwenda sana, mlango ulifunguliwa na Fomu 34A, ya matokeo ya urais ya kituo, ikabandikwa, imetiwa sahihi na afisa na mawakala. Fomu hiyo ndiyo roho ya uchaguzi wetu wa urais. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa kituoni ni ya mwisho, na hakuna mtu wa Nairobi mwenye mamlaka ya kuyabadilisha. Nyanya hakuwahi kusoma hukumu hiyo, lakini ndiyo aliyokuwa akiidai tangu mikaratusi ya 1988. Niliipiga picha kwa tochi ya mjomba. Hakikisha jina na nambari ya kituo, tarakimu zote na sahihi vinasomeka. Piga zaidi ya moja, maana mkono hutetemeka kwa baridi.

Kisha fungua tovuti ya tume. Mwaka 2022 IEBC iliweka picha za fomu za karibu vituo vyote 46,229, na mtu yeyote aliweza kuzipakua. Niliitafuta ya kwetu nikiwa bado Werugha, nikaweka simu yangu na ya binamu sambamba, tukalinganisha mstari kwa mstari: kura za kila mgombea, zilizokataliwa, jumla. Zililingana. Siku zilizofuata nchi ilibishana vikali, makamishna wakagawanyika wanne kwa watatu, kesi ikaenda Mahakama ya Juu hadi Septemba 5. Mimi sikuweza kuwasemea watu wa vituo vingine. Kwa chumba kimoja cha shule moja nilikuwa na jibu la nani amehesabu na nani alikuwa akimtazama, na nilimsomea mjomba tarakimu zile kwa sauti, kama nyanya alivyokuwa akitaka asomewe.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Mpwa wangu ametimiza miaka 18, na bila kitambulisho hawezi kuandikishwa, kwa hiyo tumeanzia kwa chifu: cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Kitambulisho kinaweza kuchukua muda mrefu kutoka, ndiyo maana hatukusubiri. Kikitoka ataandikishwa Wundanyi, na nimemwambia kwamba kura yake ya kwanza sitamuuliza kamwe amempa nani. Shangazi naye macho yameanza kufifia. Ameshachagua msaidizi wake, na si mimi. Amemchagua mpwa.